Siku Nne Bila Kinga: Nilivyopanga Upya Hifadhi ya Studio Yetu

Mwaka 2019 alikuja mzee mmoja studio kwetu, Ngamiani hapa Tanga, akitaka nakala ya video ya harusi ya binti yake. Harusi ilikuwa ya 2011. Mkewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na kwenye video ile yumo, amejifunga kanga, anamwimbia binti yake kabla hajatolewa ndani. Mzee hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mkewe akitembea na kusema.

Video tulikuwa nayo. Ilikuwa kwenye diski ya nje, kabatini, imeandikwa mwaka kwa kalamu ya wino mzito. Niliichomeka, faili likafunguka, likacheza kama dakika ishirini, kisha picha ikavunjika vipande vya kijani na ikabaki hivyo hadi mwisho. Hakuna aliyeifuta wala aliyeiangusha. Ilikaa gizani miaka minane, sehemu yake ikaharibika kimyakimya, na siku zote hizo tulikuwa tukiwaambia wateja kazi zao zipo.

"Haya mwanangu," mzee aliniambia, "ndivyo Mungu alivyopanga." Akavaa kofia yake akaondoka. Tangu siku ile suala la kuhifadhi mafaili halijawa tena kwangu kazi ya kufanywa baada ya kazi nyingine kwisha.

Ninachotaka kusema hapa ni kimoja. Unapopanga seva ya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa ofisi, kuna mipangilio unayoweza kuibadilisha siku yoyote, na kuna mingine ambayo ukishaiweka umeiweka. Kurasa za kusimamia seva huionyesha yote pamoja, kwa herufi za ukubwa mmoja, kana kwamba ina uzito sawa. Haina. Mimi sikulijua hilo, na kutolijua kwangu nusura kutupotezee kazi za miaka kumi na miwili.

Mama mwenye studio alitoa fedha bila kuuliza mara mbili. Tukaagiza Kariakoo seva iliyokwisha kutumika pamoja na diski nne za terabaiti 4, vikaja kwa basi. Nikaweka Linux, na kwa mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kuyapanga mafaili diskini, nikachagua ZFS, uchaguzi ambao sijaujutia hata siku moja. ZFS ilianzwa mwaka 2001 na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens katika kampuni ya Sun Microsystems, Marekani, na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2005. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, lakini kazi ya wazi iliendelea nje ya kampuni, na tangu 2013 inakwenda kwa jina la OpenZFS.

Kilichonivuta ni namna inavyoilinda data dhidi ya kile kilichompata yule mzee. Kila bloku, yaani kipande cha data, inayoandikwa hufanyiwa hesabu fupi kutokana na yaliyomo ndani yake, na matokeo ya hesabu hiyo, yaani alama ya uhakiki, hayakai pamoja na bloku yenyewe. Yanakaa kwenye bloku mzazi inayoielekeza. Bloku ikisomwa, hesabu inafanywa upya. Zisipolingana, ZFS inajua hapo pameharibika, inaijenga upya data hiyo kwa msaada wa diski nyingine, inampa anayesoma iliyo sahihi, na palipooza inapatengeneza. Diski yetu ya kabatini ilioza na haikuwa na namna ya kusema. Hii husema.

Mpango wake pia ni rahisi kuuelewa. Diski zinatiwa kapu moja, na ndani ya kapu unagawa dataseti. Kila dataseti ni mfumo wa faili unaojitegemea, una mipangilio yake na mipaka yake, ila zote zinachota nafasi kutoka kapu lile lile. Huna haja ya kukaa mwanzoni ukibashiri kwamba picha zitataka terabaiti 2 na video 6, halafu upande mmoja ujae wakati mwingine uko mtupu. Sisi tulitumia mpango wa RAIDZ1, ambao nafasi ya diski moja inatolewa kwa ajili ya pariti, yaani hesabu ya ziada ya kujengea upya kilichopotea, ili diski yoyote ikifa nyingine zibebe. Tukapata kama terabaiti 10.9 za kompyuta. (Diski ya terabaiti 4 huonekana kama 3.64, na muuzaji hakukuibia. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024.)

Kazi yote hiyo niliimaliza jioni moja. Nilikuwa nafuata maelekezo ya mtu kwenye video, akibonyeza nami nabonyeza. Nikaunda kapu, nikaunda dataseti moja kubwa, nikaigawia ofisi nzima kupitia Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za ofisi kufungua mafaili ya seva, wahariri wanne wakaanza kazi kesho yake asubuhi.

Januari 2023, katikati ya lile joto letu, diski moja ikafa.

Hilo lenyewe halikunitisha, kwa sababu RAIDZ1 ipo kwa ajili ya siku kama hiyo. Nikaagiza diski mpya, nikaichomeka, nikaiambia ZFS iiweke mahali pa ile iliyokufa. Ikakataa. Ujumbe ulisema mpangilio wa sekta za diski haulingani.

Hapo ndipo nilipokutana na neno ashift, na nitalieleza polepole kwa sababu ndilo lililotuumiza. Sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho diski inaweza kukisoma au kukiandika. Kwa miongo mingi kilikuwa baiti 512. Kuanzia mwaka 2011 hivi viwanda vikahamia baiti 4,096, lakini ili kompyuta za zamani zisikwame, diski nyingi zimeendelea kujitambulisha kwa nje kama za 512 ingawa ndani ni 4,096. ZFS inahitaji kujua ukweli, na inauandika kwa namba iitwayo ashift, ambayo ni kipeo cha mbili: 9 maana yake 512, na 12 maana yake 4,096. Kwa kawaida inaiuliza diski na kujaza yenyewe. Kwangu haikuiuliza diski. Seva yetu ilikuja na kadi ya RAID ya zamani, ile inayoziunganisha diski yenyewe na kuzificha nyuma yake, nami nilikuwa nimeiacha isimame kati ya diski na mfumo, kwa hiyo swali liliishia kwa kadi, na kadi ikajibu 512. Kapu likaundwa kwa ashift ya 9.

Na ashift haibadiliki. Inawekwa pale kundi la diski linapoundwa, na inabaki vile vile mpaka siku kundi hilo litakapovunjwa. Hakuna amri ya kuirekebisha, wala toleo jipya la programu haliigusi.

Madhara yake yalikuwa yametutafuna muda wote bila kuyatambua. Ukiipa diski ya sekta za 4,096 amri ya kuandika baiti 512, inalazimika kuisoma sekta nzima, kubadilisha sehemu moja katika nane, kisha kuiandika yote upya. Zidisha hapo kwa mamilioni. Zaidi ya miaka mitatu wahariri walikuwa wakilalamika kwamba kuhamisha video ni kazi ya kutwa. Tulibadilisha swichi, nikavuta nyaya mpya, nikaishuku ruta, na mara moja nilimshuku kijana mmoja kwamba anapakua filamu usiku. Nilimwomba radhi baadaye.

Kwa kuwa diski ile mpya bado ilikuwa inakubali kuzungumza kwa 512 kwa nje, kulikuwa na njia ya kuilazimisha iingie kwa ashift ya 9. Nikailazimisha, ujenzi wa pariti ukaanza, na ulichukua siku nne.

Siku hizo nne kapu letu halikuwa na kinga yoyote. Diski ya pili ingekufa wakati ule, kila kitu kingekwenda, si cha diski ile tu bali kapu zima. Na zile tatu zilizobaki zilikuwa za toleo moja na iliyokufa, zilinunuliwa siku moja, zimefanya kazi saa zile zile kwenye chumba kile kile chenye feni moja. Sasa zilikuwa zinasomwa mchana na usiku bila kupumzika. Tuliazima jenereta kwa jirani kwa sababu UPS yetu ilikuwa inashika dakika ishirini tu. Nililala studio. Usiku wa pili Mama alikuja na chai na chapati, akaketi kwenye kiti cha mhariri, akaniuliza, "Mwanangu, niambie kweli. Na hizi zikifa?"

"Zote, Mama. Tutabaki na zile za mwaka jana tu zilizo kwenye diski za nje."

Hakusema neno. Alinyanyuka akasogeza feni iielekee seva.

Ujenzi ulikamilika siku ya nne alfajiri. Saa mbili asubuhi niliandika barua ya kuomba fedha za kapu jipya, na safari hii nilichukua wiki mbili kulipanga kabla sijashika waya. Nilichora mstari katikati ya daftari. Upande wa kushoto nikaandika "Hayazoleki", kwa ule msemo wa maji yakimwagika. Upande wa kulia nikaandika "Yanarekebika". Kisha nikapitia kila mpangilio mmoja mmoja, nikisoma nyaraka za OpenZFS, na kuuweka upande wake. Kama ningeambiwa nimpe fundi mwenzangu kitu kimoja tu kutokana na kazi hii, ningempa lile daftari.

Upande wa kushoto, cha kwanza ni umbo la diski. RAIDZ1 huwezi kuigeuza RAIDZ2 baadaye. OpenZFS 2.3, iliyotoka Januari 2025, imeleta uwezo wa kuongeza diski moja moja kwenye kundi la RAIDZ lililopo, na ni jambo la heri kwa ofisi ndogo zisizoweza kununua diski sita kwa mpigo, lakini hata hapo kiwango cha pariti hakipandi, na data ya zamani inabaki na mgawanyo wake wa zamani mpaka iandikwe upya. Sisi tulichukua diski sita za terabaiti 8 kwa RAIDZ2, ambayo inastahimili vifo vya diski mbili. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaotetea mapacha, yaani diski mbili mbili zinazobeba kitu kile kile, kwa kuwa ujenzi wake baada ya kifo ni wa haraka zaidi na kapu linapanuka kwa jozi. Ni hoja nzuri. Ila kwa mapacha, diski mbili zikifa za jozi moja umekwisha, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye siku nne zile. Diski tulizinunua kwa maduka mawili tofauti, tarehe tofauti.

Kadi ya RAID ikatolewa, ikawekwa kadi ya kawaida inayozipitisha diski kama zilivyo. ZFS inataka kuiona diski uso kwa uso: namba yake, joto lake, makosa yake. Na ashift ya 12 niliiandika kwa mkono wangu, sikuachia mashine ibashiri. Kisha nikahakikisha imekubali kabla ya kuhamisha faili hata moja.

Cha pili ni herufi kubwa na ndogo. Linux inaona "Harusi" na "HARUSI" kuwa majina mawili, Windows inayaona kuwa moja. Dataseti ya ZFS ina mpangilio wa casesensitivity, nao unawekwa siku ya kuzaliwa kwa dataseti tu. Kapu letu la kwanza lilikuwa na tabia ya Linux wakati wahariri watatu kati ya wanne wanatumia Windows. Samba inajitahidi kuficha tofauti hiyo, lakini kila inapotafuta jina lisilolingana herufi kwa herufi inalazimika kupekua folda nzima, na folda ya picha za harusi moja kwetu ina picha elfu nne au tano. Mbaya zaidi, mhariri wa Linux alikuwa ameunda folda mbili za mteja mmoja, moja kwa herufi kubwa, na wenzake wa Windows walikuwa wanaona moja tu. Picha za upande wa pili tulidhani zimepotea kwa miezi mitano. Dataseti za kugawiwa ofisi sasa zote nimeziunda zisizotofautisha herufi.

Hapo hapo kwenye majina kuna jambo letu sisi wenye Kiswahili ambalo sijaliona likiandikwa popote, nalo ni king'ong'o. Ule mkato wa kwenye ng' si alama moja. Kibodi ya kompyuta huandika mkato ulionyooka, simu nyingi huandika uliopinda, na kwa mfumo wa faili hizo ni herufi mbili tofauti kama A na B. Kuna mpangilio wa kusawazisha herufi za Yunikodi, normalization, nao pia ni wa siku ya kwanza tu, lakini kazi yake ni kuunganisha herufi moja iliyoandikwa kwa njia mbili, kwa mfano é. Mkato hauugusi. Tulikuwa na folda mbili za ukoo mmoja wa Kisukuma, jina limeanza kwa Ng', ya kwanza imeundwa kwenye kompyuta na ya pili imetumwa kutoka simu ya mpiga picha, na macho hayakuweza kuzitofautisha. Hili halina suluhisho la seva. Tulikubaliana kwamba jina la folda halibebi mkato kabisa, linaandikwa "Ngwana" na kadhalika, na jina kamili la mteja linakaa kwenye daftari la kazi. Inaniuma kidogo kuandika majina ya watu nusu, lakini kumpoteza mtu kwenye diski kunaniuma zaidi.

Cha tatu ni voliumu. Ndani ya kapu la ZFS, mbali na dataseti, unaweza kukata voliumu, yaani kipande ambacho kompyuta nyingine inakipokea kwa iSCSI, njia ya kupitisha diski mtandaoni, na kukiona kama diski yake tupu, ikakiweka mfumo wake wa faili, NTFS ya Windows au mwingine. Dataseti ni kama kumpangisha mtu chumba nyumbani mwako: unajua aliyeingia na kilichomo. Voliumu ni kumpa kiwanja kilichozungushiwa ukuta. Seva haioni faili hata moja ndani yake, inaona bloku tu. Mhariri wetu mmoja aliomba apewe voliumu kwa sababu alisikia ni ya kasi zaidi, halafu akataka mwenzake naye aiunganishe ile ile ili wafanye kazi pamoja. Nilikataa, na ningekataa tena leo. NTFS haikuundwa iandikwe na mashine mbili kwa wakati mmoja. Kila mashine inaamini iko peke yake, zinafutiana kumbukumbu za nani anakaa wapi, na baada ya siku chache mfumo wa faili umekwisha. Kazi ya watu wengi ni ya dataseti na Samba. Ukiwa na sababu ya kweli ya kukata voliumu, jua kwamba ukubwa wa bloku zake, volblocksize, ni wa upande wa kushoto wa daftari, na kwamba usipotamka vinginevyo voliumu inatengewa nafasi yake yote siku hiyo hiyo, hata ikiwa haijaandikwa kitu.

Usimbaji fiche nao ni wa siku ya kuunda dataseti. Huwezi kuuwasha juu ya dataseti iliyopo. Tunao kwenye mikataba ya wateja tu, na ufunguo umechapwa kwenye karatasi mbili zilizo nyumba mbili.

Sasa upande wa kulia, ambako unaweza kupumua. Wahariri wetu wanatumia programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, na kumbukumbu za miradi yao zinakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, hivyo tuna aina mbili za data zenye tabia zinazopingana. Mpangilio wa recordsize unaamua faili kubwa likatwe vipande vya ukubwa gani, na unaokuja na ZFS ni kilobaiti 128. Video ya gigabaiti 20 kwa kipimo hicho ni bloku 163,840, na kila moja ina alama yake na kielekezi chake. Ukiweka megabaiti 1 zinakuwa 20,480. Video huandikwa mara moja na kusomwa moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo megabaiti 1 inaifaa. PostgreSQL inafanya kinyume: inabadilisha kurasa za kilobaiti 8 huku na kule, na kama kila ukurasa mdogo umekaa ndani ya bloku ya megabaiti 1, utaisoma na kuiandika megabaiti nzima kwa ajili ya neno moja. Yenyewe nimeipa kilobaiti 16. Hii ndiyo sababu ya kutokuwa na dataseti moja kubwa kama niliyoiunda 2019: mipangilio inafungwa kwa dataseti, na ukiwa na moja umewavisha wote kiatu cha namba moja.

Kubana data kwa njia ya lz4 washa kila mahali, usiwaze. Video zenyewe hazibaniki, lakini lz4 inalitambua hilo upesi na kuachana nazo, na inaokoa nafasi tupu inayobaki kwenye bloku ya mwisho ya kila faili. Mpangilio wa atime, unaoandika saa kila faili linaposomwa, zima. Dedup, inayotafuta bloku zinazofanana ili ihifadhi moja, iache; kwa hesabu ya kawaida ya baiti 320 kwa kila bloku, terabaiti 10 za bloku za kilobaiti 128 zinadai kama gigabaiti 25 za RAM, na harusi mbili hazifanani.

Nimesema yanarekebika, lakini kuna sharti. Ukibadilisha recordsize au namna ya kubana leo, yanayoandikwa kuanzia leo ndiyo yatakayofuata. Ya jana yanabaki kama yalivyo. Na hapa ndipo nilipokaribia kuanguka mara ya pili. Njia ya kawaida ya kuhamisha dataseti kutoka kapu moja kwenda jingine ni zfs send, na ni njia nzuri mno, ila inabeba bloku kama zilivyokatwa, pamoja na tabia ya herufi ya dataseti ya zamani. Ningeitumia, ningekuwa nimejenga nyumba mpya na kuhamishia nyufa za ile ya zamani. Nilinakili kwa programu ya rsync, faili kwa faili, ili kila kitu kiandikwe upya kwa mipangilio mipya, kisha nikaendesha rsync mara ya pili kwa kulinganisha yaliyomo badala ya tarehe tu. Zilikuwa siku tatu. Sikulala studio.

Jambo lililowasumbua wahariri zaidi kuliko yote ni nafasi. ZFS haiandiki juu ya data iliyopo. Inaandika pembeni, kisha inaachia ya zamani. Kwa sababu hiyo snapshoti, yaani picha ya dataseti kama ilivyokuwa saa fulani, haigharimu chochote wakati wa kuipiga, na sisi tunapiga kila saa mchana kutwa. Imetuokoa mara nyingi kuliko diski za pariti, maana watu hufuta kimakosa mara nyingi zaidi kuliko diski zinavyokufa. Lakini ukifuta faili lililomo kwenye snapshoti, nafasi hairudi mpaka snapshoti hiyo iondoke. Mhariri mmoja alifuta karibu terabaiti 2 za kazi zilizokwisha, akaambiwa bado amejaa, akafuta nyingine, akaambiwa bado. Alikuja kwangu akiwa amekasirika, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimempangia kikomo cha quota, ambacho kinahesabu na snapshoti ndani yake. Kipo kingine, refquota, kinachohesabu mafaili anayoyaona yeye tu. Tangu nilipowahamishia wote huko, mtu akifuta anaona nafasi yake inarudi pale pale, na mzigo wa snapshoti unabaki juu ya kapu, ambako ni wajibu wangu kuuangalia. Kapu silipitishi asilimia 80. Likijaa zaidi ZFS inahangaika kutafuta pa kuandikia na kasi inaanguka.

Kuhusu umeme nina neno moja. Utakutana na ushauri wa kuzima sync ili seva iharakishe. Ukizima, programu inaambiwa data imefika diskini wakati bado iko kwenye RAM, na umeme ukikatika, sekunde kama tano za mwisho zimepotea. Kapu lenyewe litasimama salama. Hifadhidata ya miradi ndiyo iliyoambiwa uongo. Tanga ninayoishi umeme hukatika bila kuaga, hivyo sync kwetu iko kama ilivyokuja, UPS imeunganishwa na seva kwa waya wa USB, na betri ikishuka seva inajizima yenyewe kwa utaratibu.

Nakala ya pili ya kapu sasa iko Chumbageni, nyumbani kwa Mama, kwenye kisanduku cha diski mbili ninachokipelekea snapshoti kila Jumamosi usiku. Huko natumia zfs send kwa raha, kwa kuwa kinachobebwa ni kilichopangwa sawasawa.

Jumapili ya pili ya kila mwezi, kama Debian, aina ya Linux tunayotumia, inavyokuja imepangwa, seva inasoma kila bloku iliyomo kapuni na kuhakiki alama zake. Mwezi uliopita ripoti ilisema imetengeneza data kidogo kwenye diski ya nne. Pengine kipande cha video moja. ZFS haitaji jina la faili ililoliokoa, hutaja tu yale iliyoshindwa kuyaokoa, na orodha hiyo ilikuwa tupu. Nilimpelekea Mama karatasi. Akaisoma mstari wa mwisho mara mbili, akauliza diski mpya ni shilingi ngapi, na Jumatatu ikawa imeagizwa.